RISASI ILIYOKOSA NDIYO ILIYOUA! Stori ya bunduki, choki na bata bandia

Unaambiwa mwishoni mwa karne ya 19, wawindaji wa Marekani walianza kuokota bata wa ajabu kandokando ya maziwa. Bata hana jeraha wala tone la damu, lakini amekonda mpaka kifua kimebaki mfupa. Mabawa yamelegea kama paa la kibanda kinachotaka kuanguka. Kuruka hawezi, kukimbia hawezi. Akipasuliwa firigisi, ndiyo, hiyo hiyo ambayo mtaani inaliwa na pilipili na kachumbari, ndani zinakutwa punje za risasi zilizosagika.

Hakuna aliyempiga. Zile punje alizila mwenyewe. Zilitoka kwenye bunduki ya mtu aliyemlenga bata mwingine, pengine msimu uliopita, akamkosa.

Stori yenyewe inaanza mbali. Mwaka 1924, ndani ya pango la Lovelock kule Nevada, walipatikana bata bandia 11 waliosukwa kwa matete, wengine wamepakwa rangi na kuchomekwa manyoya halisi. Umri wao ni kama miaka 2,000. Maana yake wenyeji wa pale walishaijua siri kabla ya bunduki kuwepo: bata akiona wenzake wametulia majini, anaamini pana usalama, anashuka. Badala ya kumfukuza, unamwita.

Bunduki zilipoingia, watu wakanogewa. Karne ya 19, kwenye ghuba ya Chesapeake, kuwinda bata ikawa biashara kamili. Jamaa walikuwa wanafunga mibunduki mikubwa kwenye mitumbwi, wanasogea kimyakimya usiku, mlipuko mmoja unaangusha bata kwa makumi. Asubuhi mzigo unapelekwa kwenye masoko na hoteli za miji mikubwa. Mtumbwi mwepesi, hela nzito.

Sasa kidogo kuhusu hiyo zana. Bunduki aina ya shotgun haitoi risasi moja, inamwaga marisau, yaani punje ndogo nyingi kwa mkupuo. Kwa miaka mingi punje hizo zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Mwaka 1782, fundi bomba mmoja wa Bristol, Uingereza, alipata hakimiliki ya mbinu ya ajabu: unamwaga risasi iliyoyeyuka kutoka juu sana kupitia chujio, matone yanajiviringa hewani, yakitua kwenye maji yanakuwa punje za duara. Jamaa aliigeuza nyumba yake mwenyewe kuwa mnara. Majirani walimwonaje, hilo ni suala jingine.

Tatizo lilikuwa marisau yakitoka kwenye mtutu yanatawanyika haraka. Bata akiwa mbali, yanampita huku na huku. Hapo ndipo choki ikaingia. Choki ni mbano mdogo kwenye mdomo wa mtutu. Fikiria mtu anaosha gari kwa mpira wa maji: akiacha mdomo wazi maji yanasambaa karibu, akibana kwa kidole yanakwenda mbali. Kanuni ni hiyo. Mwaka 1866 fundi bunduki mmoja wa Newcastle alisajili mbinu hiyo, huku Illinois, Marekani, wawindaji wakifanya majaribio yao kwenye mabwawa. Mwaka 1875 bunduki zenye choki zikashindanishwa London na zile za zamani, zikazigaragaza.

Baadaye ikawekwa vipimo. Unasimama kama mita 36 kutoka kwenye karatasi, unapiga, kisha unahesabu punje zilizoingia ndani ya duara la sentimita 76. Mtutu usio na mbano unaingiza kama asilimia 40. Choki ya wazi kidogo, 50. Ya kati, 60. Iliyobana kabisa, 70. Na tofauti kati ya mtutu usio na mbano na ule uliobana kabisa ni kama milimita moja tu! Milimita moja ndiyo inaamua bata aende nyumbani au aingie kwenye sufuria.

Basi kila mtu akataka choki iliyobana kabisa. Ukiwa nayo wewe ndiye mwamba. Kumbe ni kosa. Kazi ya bata bandia ni kumleta bata karibu, mita 20 au 30. Kwa umbali huo choki iliyobana inarusha fungu dogo la punje. Ama unamkosa kabisa, ama unampata na nyama inachakaa haifai hata mchuzi. Waliojua kazi yao wakawa wanatumia choki ya wazi kidogo au ya kati, wanasubiri bata ateremshe miguu ndipo wapige. Subira inavuta heri, na bata pia.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu kila punje iliyokosa ilizama kwenye tope. Na tope lile ndilo jiko la bata.

Bata hana meno. Anameza changarawe, zinakaa kwenye firigisi na kumsagia chakula. Punje ya risasi kwake ni kokoto nzuri tu. Firigisi inaisaga, asidi ya tumbo inaiyeyusha, sumu inaingia kwenye damu. Mishipa ya fahamu inalegea, chakula kinagoma kushuka, anakufa njaa huku ameshiba. Punje moja inaweza kutosha. Mwaka 1959 mtafiti mmoja wa Illinois alikadiria kuwa asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika Kaskazini walikuwa wanakufa kwa sumu hiyo kila mwaka. Hesabu inakuja kati ya bata milioni 1.6 na 2.4. Na tai aliyemla bata mgonjwa, naye akaumwa.

Sheria zilikuwepo, lakini hazikuwa zimegusa hapo. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda ndege wanaohama, biashara ya nyama yao ikafungwa. Mwaka 1935 wakapiga marufuku kutumia bata hai kama chambo, na bunduki ikaruhusiwa kubeba risasi tatu tu kwa mkupuo. Mkono wa mwindaji ulifungwa, ila ganda la risasi lilibaki vilevile.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa marisau ya chuma, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wawindaji wengi waligoma. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Chuma ni chepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.8, wakati ya madini ya risasi ina 11.3. Punje nyepesi inapoteza nguvu haraka. Walisema bata wengi watajeruhiwa na kukimbilia kufia kwenye matete. Wengine walihofia bunduki za urithi wa babu, maana chuma kigumu kinaweza kuharibu mtutu wa zamani wenye choki iliyobana. Kesi zikafika mahakamani. Marufuku ikaanza kidogokidogo msimu wa 1987, na mwaka 1991 ikafunika nchi nzima kwa uwindaji wa bata.

Kilichofuata ni shule upya. Aliyezoea punje namba 4 za risasi, zenye milimita 3.3, akahamia namba 2 za chuma, zenye milimita 3.8. Ndiyo, namba ikishuka punje inakua, usichanganyikiwe. Mwendo ukaongezwa. Kikombe kinene cha plastiki kikawekwa ndani ya ganda ili chuma kisiukwaruze mtutu. Mwaka 1988 likatoka ganda refu la milimita 89 ili libebe punje nyingi zaidi. Halafu ikaonekana jambo ambalo wengi hawakulitarajia: punje za chuma hazibonyei zikipita kwenye mtutu, kwa hiyo zinakwenda zimeshikana vizuri kuliko za risasi. Choki ya kati ikaanza kufanya kazi ya choki iliyobana kabisa. Dawa ikawa ni kufungua choki, kumsubiri bata afike karibu na wenzake wa bandia, na kuacha kupiga vya mbali kwa sifa. Mwenye bunduki ya babu akapata bismuthi, iliyo laini na haina sumu ile. Mwenye hela zake akanunua tangsteni, nzito kuliko hata risasi yenyewe.

Matokeo? Watafiti walipima bata waliopigwa misimu ya 1996 na 1997 kwenye njia ya mto Mississippi. Wakakadiria vifo vya sumu kwa bata wa aina ya maladi vimepungua kwa asilimia 64, na kwamba mwaka 1997 peke yake bata kama milioni 1.4 walinusurika Amerika Kaskazini. Waliobadilisha hali hiyo ni watu wasiojulikana majina, waliokubali kununua ganda jingine na kujifunza kulenga upya wakiwa na mvi tayari.

Usidhani ni stori ya Wazungu tu. Bata wanaoonekana Naivasha na kwenye maziwa mengine ya Bonde la Ufa, wengi wanakimbia baridi ya Ulaya na Asia, kwa hiyo tope la kule ni chakula cha wageni wa huku. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia ulikubaliwa mwaka 1995, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Uliwataka wanachama waachane na marisau ya risasi kwenye maeneo oevu ifikapo mwaka 2000. Umoja wa Ulaya wenyewe ulianza kuyapiga marufuku kwenye maeneo hayo Februari 2023. Yaani miaka 23 ya "tutafanya kesho".

Wadau, mnasemaje? Ingekuwa wewe, ungeikubali bunduki ya babu ikae ukutani ili bata asiyekuhusu apone?