Gurudumu dogo la mkia laamua hatima ya ndege ya kuundwa nyumbani

KATIKA eneo la Kamakis, mjini Ruiru, mahali ambapo barabara ya Eastern Bypass inakaribia kuungana na barabara kuu ya Thika, ni vigumu kupita bila kuona cheche za mafundi wanaochomelea vyuma. Mageti, minara ya matangi ya maji, bodi za malori na majiko ya kuchomea nyama huundwa papo hapo kando ya barabara, kwa mikono na macho yaliyozoea kupima.

Fundi mwenye ujuzi wa aina hiyo akipewa michoro, mabomba ya chuma na muda wa kutosha, anaweza kuunda kiunzi cha ndege ndogo. Si jambo geni. Gabriel Nderitu wa Nyeri, ambaye ni mtaalamu wa kompyuta, alijulikana kote nchini katika miaka ya 2010 kwa kujiundia ndege akitumia injini ya gari. Nchini Uganda, Chris Nsamba aliwavutia waandishi wa habari mwaka 2011 kwa ndege aliyokuwa akiiunda uani jijini Kampala. Nchini Marekani, Bernard Pietenpol alirusha ndege aliyoitengeneza mwenyewe kwa injini ya gari la Ford mnamo 1929, na michoro yake ingali inatumika.

Watu wanapozungumzia ndege za aina hiyo, aghalabu huulizia injini na mabawa. Ni wachache wanaoinama kutazama gurudumu dogo lililo chini ya mkia. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Ndege yenye mtambo mzuri na mabawa imara yaweza kuvunjika kabla haijainuka hata futi moja, kwa sababu tu gurudumu hilo halikufungwa ipasavyo.

Kwa nini mkia ni msumbufu

Ndege ndogo ni za aina mbili kwa mpangilio wa magurudumu. Aina ya kwanza ina gurudumu la tatu chini ya pua, na ndiyo inayofahamika zaidi siku hizi. Aina ya pili ina magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo nyuma kabisa, chini ya mkia. Wengi wanaojiundia ndege huichagua hii ya pili kwa kuwa ni nyepesi, ina vyuma vichache na huinua ncha za rafadha mbali na mawe na nyasi.

Wepesi huo una gharama yake. Katika ndege ya gurudumu la mkia, kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa. Ndege ikianza kupinda kidogo tu ikiwa kasi, uzito ulio nyuma husukuma mkia uendelee kwenda kando, na kosa huzidi badala ya kupungua. Dereva wa lori anayerudisha trela nyuma anaielewa hali hii vizuri: akichelewa kurekebisha usukani kidogo, trela hukunjika.

Kwa ndege, matokeo yake ni mzunguko wa ghafla ardhini. Ndege hugeuka yenyewe kwa nguvu, ubawa wa upande wa nje hugonga ardhi, mguu mmoja huvunjika na mara nyingine rafadha hujichimbia udongoni. Rubani anaweza kutoka salama, lakini kazi ya miaka kadhaa huwa imepotea kwa sekunde chache.

Hali ya anga ya Ruiru huongeza uzito wa jambo hili. Mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Ndege inayohitaji mwendo wa kilomita 80 kwa saa ili iruke pwani, huhitaji takriban kilomita 86 kwa saa katika kimo hicho, na zaidi ya hapo wakati wa joto. Ongezeko hilo laonekana dogo, lakini nguvu ya mwendo inayopaswa kudhibitiwa ardhini hupanda kwa karibu asilimia 16.

Kutoka ubao hadi gurudumu

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya ndege za mkia. Zile za awali zilizotumiwa na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson jijini Nairobi mwaka 1929, zilikuwa za enzi ambayo mkia uliburutwa kwa kigingi kilichochimba nyasi na kuwa kama breki. Viwanja vilipoanza kuwekwa lami na magurudumu ya mbele kupata breki, kigingi kiliachwa na gurudumu likachukua nafasi yake.

Ndege za mkia hazijatoweka. Ndege aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa ya aina hiyo. Nchini Kenya, ndege za Piper Super Cub zimetumika kwa miaka mingi kulinda mbuga kama vile Tsavo, kwa kuwa huweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Mfumo wenyewe si mgumu kuelewa. Rubani hukanyaga pedali kwa miguu yake. Waya hutoka kwenye pedali hadi kwenye mkono wa chuma ulio chini ya usukani wa mkia. Kutoka kwenye mkono huo, minyororo miwili mifupi yenye springi huteremka, mmoja kila upande, hadi kwenye mikono miwili midogo ya gurudumu la mkia. Usukani ukigeuka, gurudumu nalo hugeuka.

Fundi anayeanza hujiuliza kwa nini asiunganishe kwa chuma kigumu badala ya springi. Sababu ni mbili. Kwanza, springi hupunguza mishtuko ya mashimo na mawe isifike kwenye bawaba za usukani. Pili, ndege inapotua upepo ukivuma kutoka kando, rubani huwa amekanyaga pedali moja na usukani umepinda. Chuma kigumu kingelazimisha gurudumu ligonge ardhi likiwa limepinda vivyo hivyo. Springi hunyumbuka na kuliacha lifuate mwelekeo wa ndege.

Magurudumu mengi ya kisasa yana pia kifungo cha ndani. Katika pembe ndogo, kifungo hushika na gurudumu hutii pedali. Pembe ikizidi kiwango fulani, kifungo huachia na gurudumu huzunguka kwa uhuru, ili ndege iweze kugeuzwa mahali finyu au kusukumwa nyuma kwa mikono. Kifungo kikichakaa huachia kabla ya wakati wake, na rubani hubaki bila usukani wa ardhini.

Timazi ndiyo hakimu

Kipimo cha kwanza na muhimu kuliko vyote ni cha mhimili, yaani pini ya wima ambayo gurudumu huizunguka. Ndege inapaswa kusimama kwa magurudumu yake yote matatu mahali tambarare, ikiwa na mafuta na uzito sawa na wa watu watakaoipanda. Kupima ndege tupu ni kujidanganya, kwa sababu uzito hubadilisha mkao wa mkia.

Kifaa cha kazi hii kinapatikana kwa kila mwashi wa Kamakis, nacho ni timazi. Uzi ukining'inizwa kando ya mhimili, mhimili unafaa kuwa wima kabisa, au ncha yake ya juu ilalie nyuma kidogo. Ncha hiyo haifai kamwe kulalia mbele.

Maana yake ni hii. Mstari wa mhimili ukifuatwa hadi chini, unapaswa kukutana na ardhi mbele ya mahali ambapo tairi linagusa. Hapo gurudumu hufuata nyuma kwa utulivu. Ncha ya juu ikilalia mbele, umbali huo hupungua na gurudumu huanza kutikisika kushoto na kulia kwa kasi, mithili ya gurudumu bovu la toroli ya supamaketi. Mtikisiko huo waweza kulegeza bolti, kupasua chuma na kumnyima rubani udhibiti.

Chanzo cha kawaida cha kasoro hii ni vyuma bapa vya springi vinavyobeba gurudumu, vinavyofanana na vile vilivyo chini ya pikapu. Vikichoka hunyooka, na mhimili hulalia mbele. Dawa yake ni kubadilisha vyuma hivyo au kuvirudishia mpindo kwa mtaalamu wa kazi hiyo. Pale ambapo tofauti ni ndogo, huwekwa kabari ya chuma kati ya springi na kichwa cha gurudumu.

Hapa ndipo ujuzi wa kando ya barabara unapopaswa kujizuia. Chuma cha springi hakifai kuchomelewa wala kupashwa moto ili kipindwe. Joto huondoa ugumu wake, na chuma kinachoonekana kizima kwa macho hukatika siku ya kazi. Vivyo hivyo, bolti za kawaida za vifaa vya ujenzi hazifai kushikilia gurudumu la ndege.

Kufunga minyororo

Mhimili ukiwa sawa, hatua ya pili ni kuhakikisha kila kitu kiko katikati. Pedali husawazishwa, na usukani hubanwa kwa vipande viwili vya mbao usisogee. Uzi huvutwa kutoka katikati ya pua hadi katikati ya mkia, na gurudumu hunyooshwa kulingana nao.

Ndipo minyororo hufungwa, wa kulia kwenye mkono wa kulia na wa kushoto kwenye mkono wa kushoto. Haipaswi kulegea wala kukazwa kama uzi wa gitaa. Ikilegea, rubani hukanyaga pedali na kusubiri. Gurudumu likishika ghafla, huwa amekwisha kuzidisha. Ikikazwa mno, huvuta bawaba za usukani kila wakati na kuufanya mgumu hewani. Pande zote mbili zivutwe kwa kiasi sawa.

Katika baadhi ya mifumo, springi ya upande mmoja huwa ngumu kuliko ya upande wa pili. Fundi asidhani ni kosa la kiwanda. Springi mbili zinazofanana kabisa huweza kutikisika kwa mdundo mmoja na kukuza mtetemo, ilhali zinazotofautiana huuvunja.

Mkia huinuliwa kisha na kuwekwa juu ya kigoda, na minyororo kukaguliwa tena, kwa sababu vyuma vya springi hubadilisha mkao uzito unapoondoka. Pedali husukumwa hadi mwisho kulia na kushoto. Mnyororo usiguse usukani mahali popote, na sehemu ya nyuma ya gurudumu ielekee upande uleule unaoelekewa na ukingo wa nyuma wa usukani. Kulabu zote zifungwe kwa waya wa usalama, kwani kulabu iliyofunguka ndani ya mwendo haina dawa.

Majaribio kwa hatua

Jaribio la kwanza hufanywa kwa mwendo wa mtu anayetembea, katika uwanja wa nyasi au murram, usukani wa mkono ukivutwa nyuma ili mkia ukandamize ardhi. Udongo mweusi wa maeneo ya Ruiru huepukwa baada ya mvua, kwa kuwa hunata kwenye tairi na kuficha kasoro. Mwendo huongezwa kidogo kidogo, na lami huachwa iwe ya mwisho, kwani nyasi husamehe kosa ambalo lami hulifichua.

Ndege ikivuta upande mmoja, haifai kukimbilia springi. Kwanza hukaguliwa upepo wa matairi, kisha breki inayoshika yenyewe, kisha iwapo magurudumu makubwa yanatazama mbele sawasawa. Mara nyingi gurudumu la mkia hulaumiwa kwa makosa ya wenzake. Likitikisika, hukaguliwa mhimili, beringi zilizolegea na visahani vya msuguano, kwa utaratibu huo.

Mkono wa sheria

Barabara ya umma si uwanja wa majaribio, hata usiku wa manane. Kamakis pia iko karibu na anga yenye shughuli nyingi, kwani uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, uwanja wa Wilson na kambi ya jeshi la wanahewa ya Moi mtaani Eastleigh vyote haviko mbali.

Halmashauri ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, ndiyo yenye mamlaka ya kusajili ndege, ambazo hupewa alama zinazoanza na 5Y, na kuidhinisha iwapo zinafaa kuruka. Anayejiundia ndege hufanya vyema kuwasiliana na halmashauri hiyo kabla ya kukata bomba la kwanza, na kumwita mhandisi aliyesajiliwa akague kazi kila hatua ingali wazi kuonekana. Aidha, rubani aliyezoea gurudumu la pua anahitaji mafunzo upya na mwalimu wa ndege za mkia.

Gharama ya timazi, uzi na siku mbili za subira ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya rafadha, ubawa au maisha ya binadamu. Fundi ambaye hukataa kukabidhi geti lisilofunga sawasawa anao tayari moyo unaohitajika kwa kazi hii. Kilichobaki ni kuinama nyuma ya ndege na kupima kwa uangalifu uleule.