Kuongeza Nguvu ya Injini ya Dizeli ya Zamani

Kuongeza nguvu ya injini ya dizeli ya zamani ni kazi ya ufundi inayokusudia kuifanya injini yenye pampu ya kimakanika itoe nguvu zaidi kuliko ile iliyopangiwa na kiwanda. Msingi wake ni kwamba dizeli huungua kwa kadiri ya hewa iliyomo ndani ya silinda, hivyo hewa hutangulia na mafuta hufuata.

Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kilango kinachobana hewa, lakini ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuingia, huishindilia mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi, kisha pampu huamua kiasi cha dizeli kitakachonyunyizwa na nozeli. Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo zipatazo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa muda wa kuchanganyika ni mfupi mno, moshi mweusi huanza kutoka hata kabla hewa haijapungua kufikia kiwango hicho.

Mfano unaofahamika Afrika Mashariki ni injini ya 1HZ ya Toyota, iliyoanza kufungwa katika Land Cruiser mwaka 1990, ikatumika sana katika magari ya watalii na ya wagonjwa. Ina silinda 6 zenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na hutoa takribani kilowati 96, yaani nguvu-farasi 130 hivi. Gari hilo likipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, hukuta hewa iliyopungua uzito kwa karibu asilimia 15, likazidiwa na mlima ingawa si bovu.

Hatua ya kwanza ni kurudisha nguvu iliyopotea kwa uchakavu: filta ya hewa iliyoziba, valvu zisizofunga sawasawa, ringi zilizolika, pampu iliyopoteza majira yake, au nozeli inayodondosha matone badala ya kutoa ukungu. Baada ya hapo ndipo hufungwa turbo, kifaa ambacho Mswisi Alfred Büchi alikisajili mwaka 1905, chenye gurudumu linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili gurudumu la pili lisukume hewa zaidi kwenye silinda. Hewa hiyo hupata joto inaposhindiliwa, kwa hiyo hupitishwa katika intakula, yaani rejeta ya kupozea hewa, kabla ya kuingia. Mwisho hurekebishwa skrubu ya pampu inayoweka kikomo cha mafuta. Anayeigusa skrubu hiyo kabla ya kuongeza hewa hupata nguvu kidogo, moshi mwingi na joto la hatari, kwani pistoni ni za aloi ya alumini, metali ambayo ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi.

Kila injini ina mpaka wake. 1HZ huwasha mafuta katika chemba ndogo ya awali iliyo kwenye silinda hedi na hushindilia hewa zaidi ya mara 22, ilhali ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, hushindilia mara 18.6 na hunyunyiza mafuta juu ya pistoni moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, turbo ya 1HZ huwekewa msukumo mdogo na kipimajoto cha moshi hufungwa kwenye ekzosi, la sivyo silinda hedi hupasuka karibu na chemba hizo. Mercedes-Benz ilipoifungia turbo injini ya OM617 mwishoni mwa miaka ya 1970, nguvu-farasi zilipanda kutoka 80 hadi zaidi ya 110, lakini kiwanda kiliongeza pia vinyunyizio vya oili ya kupoza pistoni kwa chini.

Klachi, breki na rejeta hukaguliwa pamoja na injini, maana nguvu mpya huzielemea zote. Injini ambayo silinda zake hazishindilii hewa vizuri haifai kufungwa turbo. Inastahili kwanza kufanyiwa ovahoo.