Lutuku na barafu: baridi inapima nini?

Huku kwetu Kisenge, mu matanga kama vile mu sherehe ya mahari, mutu anaweza kusikia neno hili: «Lutuku ya muzuri haigandake mu frigo.» Anayesema hivyo anaona kesi imekwisha: haikuganda, basi ni safi, watu wanywe. Wasomaji wapendwa, tuangalie kama baridi ni shahidi wa kuaminiwa.

Wazee wetu Walunda na Wachokwe walijua pombe ya mahindi, ya mtama na ya asali. Hizo zinachachuka tu, na nguvu yao ni ndogo. Pombe ya kuchemsha ina historia nyingine. Mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulizuia pombe kali mu sehemu za Afrika ambako ilikuwa haijazoeleka. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza kuitengeneza, na hata kuingiza vyombo vyake. Lakini mu makambi ya migodi na kando ya njia ya reli, wamama walijua kutumia pipa, tiyo na maji ya baridi. Walichemsha uji uliochachuka wa mahindi na muhogo, kwa siri. Kisha, vita vya Angola vilipofunga njia ya Benguela mu 1975, manganese yetu ikakosa njia ya kwenda baharini. Mushahara ukapungua, na mu nyumba nyingi lutuku ikawa minervali ya watoto. Sisi walimu tusiwatupie mawe: prime yetu ilitoka pia mu zile chupa.

Sasa, frigo. Maji yanaganda kwa digrii 0. Alkoli safi, ile inaitwa etanoli, inangoja mpaka digrii 114 chini ya sifuri. Ukichanganya hivyo viwili, kuganda kunashuka kadiri alkoli inavyoongezeka. Pombe yenye alkoli 40 kwa 100 inaanza kuganda karibu na digrii 27 chini ya sifuri. Frigo ya kugandisha nyama inafika kama 18 tu. Kwa hiyo pombe hiyo itabaki maji-maji. Lakini bia ikisahauliwa humo inaganda, barafu inavimba, chupa inapasuka. Lutuku yenye alkoli 20 kwa 100 nayo itafanya vipande vya barafu. Vipande hivyo ni maji kwa sehemu kubwa. Kinachobaki katikati yao kina nguvu zaidi. Zamani, wakulima wa Amerika ya Kaskazini walikaza pombe yao ya matofaa kwa njia hiyo: waliiacha inje wakati wa baridi kali, wakatupa barafu.

Kumbe wazee wa neno hawakudanganya kabisa. Baridi inaonyesha kama muuzaji ameongeza maji. Lakini inaishia hapo.

Kuna ndugu ya etanoli, jina lake metanoli. Yenyewe inaganda kwa digrii 98 chini ya sifuri. Lutuku iliyotiwa metanoli haitaganda mu frigo; itakaa kimya kama ile ya muzuri. Hata jaribio la kiberiti halisaidii, maana metanoli nayo inawaka. Mahindi na muhogo vinatoa metanoli kidogo sana. Hatari kubwa ni mutu anayeongeza ile ya viwanda ili apate nguvu ya bei rahisi. Vilevile, risasi inayotoka kwenye radiateri ya zamani ya motokari iliyogeuzwa tiyo haionekani mu barafu.

Metanoli haina haraka. Mutu analala vizuri, kesho yake kichwa kinauma, tumbo linauma, macho yanaona ukungu. Wengine wanafikiri ni ulevi wa jana, wanamwacha alale tena. Asiachwe: apelekwe hospitali mbio, maana macho yanaweza kupotea kabisa, na uhai pia.

Tusitupe neno la wazee, tulikamilishe: baridi inapima nguvu, haipimi sumu. Anayetaka kujua usalama wa lutuku aulize kwanza nani ameipika, kwa tiyo gani, na ameongeza nini.