Kutoswa Hakujaanza na Wewe: Somo Kutoka Mji Kasoro Bahari

Kuna mchoraji wa Kihonda, kuna mchongaji wa Mji Mpya, na kuna yule dada wa batiki pale Msamvu. Majina kapuni, ila mnajijua. Mlituma kazi kwenye maonyesho, mkasubiri wiki kadhaa, halafu ikaingia ile meseji ya "tunasikitika kukujulisha". Mmoja kazima simu siku nzima. Mwingine kaapa hashiki brashi tena.

Poleni. Ila kwa Moro hii habari ya kutoswa ni ya zamani kuliko simu zenu.

Tuanze na Salum Abdallah. Inasimuliwa kwamba nyumbani hawakutaka mambo ya muziki, kijana akatoroka na ndoto ya kufika Cuba. Akaishia Mombasa! Akarudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi, La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Cuba hakufika, basi akaipiga hukuhuku chini ya Uluguru, na mji mzima ukacheza.

Wapinzani wao walikuwa Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 yalipofanyika maonyesho ya dunia kule Osaka, Japani, Tanzania iliwakilishwa na Morogoro Jazz. Ndiyo, bendi ya mkoani.

Hizo ndizo stori tamu. Sasa sikia upande ambao hausimuliwi sana.

Zama hizo nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ikitaka kurekodi hapa nchini, njia kubwa ilikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kabla ya kurekodi, maneno ya wimbo yalipitiwa na kamati. Ukipita, unaingia studio. Ukipigwa chini, unarudi na gitaa lako. Nyimbo zilizopita zilibaki kwenye kanda. Zilizokataliwa ziliishi ukumbini tu, na waliozicheza walipozeeka zikaanza kusahaulika. Leo ukitaka kuzisikia, utazitafuta wapi?

Linganisha na wachoraji. Mwaka 1863, Paris, jopo la maonyesho ya serikali ya Ufaransa lilikataa kazi nyingi mno. Kelele zikawa kubwa mpaka Kaisari Napoleon III akaruhusu zilizokataliwa zionyeshwe peke yake. Watu walienda kucheka. Mojawapo ya zilizochekwa ni picha ya Édouard Manet ya watu waliokaa kula porini. Leo iko Musée d'Orsay, na watu wanapanga foleni kuiona. Jopo liliikataa, lakini turubai halikwenda popote. Ilibaki ikisubiri macho mengine.

Hapo ndipo penye somo, wadau. Kukataliwa peke yake hakuui kazi. Kinachoiua ni kutobaki na kitu mkononi. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari kule Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Bado mnamsikia kwenye daladala kwa sababu alirekodi, hapa na Nairobi.

Kwa hiyo meseji ya kukataliwa ikija, lia kidogo, ni ruhusa. Lakini usichane, usichome, na usipake rangi nyeupe juu ya picha ili uokoe turubai. Ipige picha mchana penye mwanga mzuri. Andika jina lake, mwaka na vipimo. Hifadhi sehemu mbili, maana simu za Moro zinaibiwa. Halafu iulize kazi yenyewe, siyo jopo, kama bado inakudai marekebisho. Jopo lina watu wachache na kuta chache, na mwakani huenda wanakaa wengine.

Siyo kila iliyokataliwa ni nzuri, tusidanganyane. Ila ambayo haipo tena hatutajua kamwe.

Haya, ile kazi waliyoitosa mwaka jana, sasa hivi iko wapi?