Usukani na Sukkan: historia iliyomo ndani ya pikapu ya dizeli

Wengi wetu tunaolisoma jarida hili tumezaliwa katika Muscat iliyokwisha kuwa na madaraja, mizunguko na taa za barabarani. Muscat waliyoikuta wazee wetu ilikuwa nyingine. Sultan Qaboos alipoingia madarakani tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na kama kilomita 10 tu za lami, nazo zilikuwa hapa hapa baina ya Muscat na Matrah. Milango ya mji ilikuwa ikifungwa usiku, masaa matatu baada ya jua kuchwa, na mwenye kutembea baada ya hapo alitakiwa achukue fanusi mkononi. Gari halikuwa kitu cha kila mtu, kwani Sultan Said bin Taimur alitaka kila gari liingie nchini kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe, Disemba 1955, alisafiri kwa msafara wa malori kutoka Salalah akalikata jangwa mpaka Nizwa, na James Morris, mwandishi wa habari wa Kiingereza aliyekuwemo ndani ya msafara, akaitungia safari ile kitabu. Basi fikiri barabara zilikuwaje, ikiwa mtu kwenda mji mwingine wa nchi yake ni jambo la kuandikiwa kitabu.

Nchi hiyo ndiyo waliyorejea wazee wetu. Wako waliotoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakapitia Cairo, Kuwait au Dubai kabla ya kufika hapa. Wako waliotoka Mombasa na Dar es Salaam. Walikuja na Kiswahili, wengi wao na Kiingereza cha skuli, na serikali iliyokuwa ikianza upya iliwahitaji. Tukisoma habari zao tunakutana na makarani, walimu, madaktari na watu wa kampuni ya mafuta. Waliokuja na spana hawatajwi sana. Makala haya ni juu yao, na yametokana na gari moja bovu.

Ami mmoja wa mtaani kwetu Seeb ana pikapu ya dizeli ya Kijapani ya mwaka 1988. Mwanzo wa mwaka alikwenda Unguja wiki tatu, aliporudi ikakataa kuwaka. Wanawe wakamwambia aipeleke gereji Wadi Kabir, au bora zaidi aiuze vyuma. Yeye akatuita sisi, wanachama wanne wa klabu, akisema anataka mikono. Tulidhani tutasukuma gari. Tukakaa mpaka adhuhuri.

Kwanza ilibidi atufahamishe dizeli ni nini, kwa sababu magari mengi madogo ya Oman ni ya petroli, na dizeli imebakia zaidi kwa malori, mabasi na magari ya kazi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche za plagi. Ya dizeli haina cheche: pistoni inaikandamiza hewa peke yake mpaka hewa inakuwa moto sana, kisha mafuta yanapulizwa ndani yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani, aliombea hati ya uvumbuzi huo mwaka 1892, na injini yake ikafanya kazi barabara mwaka 1897. Lakini ilikuwa dude zito la kiwandani. Iliyoiwezesha kuingia ndani ya gari ni pampu ndogo ya kupulizia mafuta, ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Pikapu ya Ami, pamoja na uzee wake, inafuata hesabu hiyo hiyo. Haina kompyuta. Ina waya mmoja unaofungua njia ya mafuta kwenye pampu. Ukigeuza ufunguo unasikia "tik" ndogo. Usipoisikia, anza hapo, usihangaike na pengine.

Sisi tuliisikia. Selfu nayo ilizunguka vizuri, kwa hiyo betri nzima. Bomba la moshi halikutoa hata uzi. "Hapana moshi, hapana mafuta," Ami akasema. "Ingetoa moshi mweupe tungesema mafuta yanafika ila hayawaki." Akaendelea kutusomesha moshi kama mwalimu wa chuo anavyosomesha alifu: mweupe wa asubuhi unaoondoka injini ikipata moto si neno, lakini mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua, ujue maji yanaingia ndani ya silinda, mweusi ni mafuta mengi au hewa chache, basi tazama filta ya hewa, khasa ukitoka kwenye vumbi, wa buluu ni oili inayoungua.

Akafungua skrubu ya chini ya filta ya dizeli, maji yakatoka kabla ya mafuta. Tangi liliachwa nusu, akasema, na unyevu wa bahari hauna adabu: unaingia kwenye nafasi tupu, usiku unageuka matone. Akakata kipande cha mpira mweupe unaoona ndani, akakiunga baina ya filta na pampu, akamwambia mmoja wetu abonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mapovu yakapita. Kumbe mpira wa zamani ulikuwa umepasuka karibu na klipu, ufa mwembamba kama unywele. Mafuta hayakuvuja nje, hewa ndiyo iliyokuwa ikivutwa ndani. Tukatia mpira mpya, tukatoa upepo mpaka mapovu yakakatika, kisha tukalegeza nati za mabomba ya nozeli huku selfu ikizungushwa. Hapo alitukataza kabisa kuweka mkono: mafuta ya pampu hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Nati zikakazwa, injini ikakohoa mara mbili, ikawaka. Wanawe walitoka nje kutazama.

Sisi tulishughulishwa zaidi na maneno. Mmoja wetu alikuwa akiandika kila alilolitamka Ami, na fundi wa jirani, Muomani asiyejua Kiswahili, alipokuja kuangalia tukamwuliza majina kwa Kiarabu cha hapa. Ami akasema pancha, fundi akasema banchar. Spana ni sbana. Dereva ni drewil. Betri, breki, gea na tairi hazikuhitaji mkalimani. Hakuna aliyemwibia mwenzake: pwani zote mbili zilipokea maneno hayo kutoka kwa Waingereza, mengi kupitia mikono ya mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Muscat na waliokuwa Zanzibar. Neno gari lenyewe ni la Bara Hindi. Bomba ni la Wareno, ambao walikaa Muscat tangu 1507 mpaka walipofukuzwa 1650, na Mombasa mpaka Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Kwa hiyo Ami anaposema "bomba la moshi" anasema neno la watu waliopigana na mababu zake pwani zote mbili.

Lililotufurahisha zaidi ni usukani. Kwa Kiarabu cha Ghuba gurudumu la dereva huitwa sukkan, na sukkan ni ule ubao wa nyuma ya jahazi unaoliongoza. Kiswahili kimelichukua neno hilo hilo la chombo, kikaliita usukani, na gari lilipokuja kikalihamishia humo. Watu wa kaskazi na kusi, waliokwenda na kurudi baina ya Sur na Unguja, walipokaa mbele ya gurudumu waliona kitu wanachokijua. Tofauti ni kwamba Unguja gari hupita kushoto na usukani uko kulia, Oman kinyume chake. Ami anakiri kwamba miezi yake ya mwanzo Ruwi alikuwa akifungua mlango usiokuwa wake.

Kabla ya lami kuenea katika miaka ya 1970 na 1980, kwenda ndani ya nchi kulikuwa kupita kwenye changarawe na katika wadi, na gari likikufia njiani hakuna wa kumpigia simu. Ndipo ujuzi wa moshi na mapovu ulipokuwa na thamani. Mpaka leo njia ya Jabal al Akhdar ina kizuizi cha polisi Birkat al Mawz, na gari lisilokuwa la magurudumu manne ya kuvuta halipandi. Huko juu Saiq, kwenye kimo cha kama mita 2,000, usiku wa Januari baridi hukaribia kugandisha maji, na zile plagi za kupasha moto injini ya dizeli, ambazo Seeb mtu husahau kama anazo, huko ndizo zinazoamua kama utarudi kazini.

Hatuna haja ya kujidanganya. Magari mapya hufunguliwa kwa kompyuta, na mafundi wa Wadi Kabir, wengi wao kutoka India, Pakistani na Bangladesh, wana lugha zao na ujuzi wao, nao ni mkubwa. Lakini wanawe Ami wanajua Kiswahili cha chakula, cha harusi na cha matusi. Cha boneti hawakijui, na sisi pia hatukukijua. Kitabu cha historia ya waliorejea hakitakuwa na ukurasa huu kama haukuandikwa wakati wenyewe wapo.

Orodha yetu imefika maneno 64. Majina mengine bado yana ubishi: Ami anasema "silinda hedi", mzee mwengine wa Mombasa anasema "kichwa" tu, na wa tatu amewakatalia wote wawili. Mwenye mzee nyumbani aliyewahi kushika spana Unguja, Pemba, Mombasa au Dar es Salaam amwulize, aandike na mji aliojifunzia, kisha alete karatasi kwenye mkutano wa klabu. Pikapu inawaka. Imebaki mikanda na breki za nyuma, na Ami amesema Ijumaa baada ya sala tuje na nguo za kuchafuka.