Mashine inasikia chuma, wakaaji wanajua mahali: historia ya kutafuta mabomu kwenye viwanja vya shule

Vita vya siku sita vya Kisangani vilianza tarehe 5 mwezi wa sita mwaka 2000 na kumalizika tarehe 10. Majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji wa Kongo. Ilikuwa mara ya tatu: yalikuwa yamepigana huko huko mwezi wa nane mwaka 1999, tena mwezi wa tano mwaka 2000. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyokuja baadaye kuhesabu hasara iliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, karibu 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika, na watu 65,000 walikimbilia misituni. Kanisa kuu la mji liliharibiwa, na mahospitali pia. Katika hesabu hiyo kuna mstari mmoja ambao watu wengi wanaupita haraka: shule 69 zilipigwa na makombora.

Kombora likilipuka, kila mtu anajua. Paa linang'oka, ukuta unaanguka, shimo linabaki uwanjani. Lakini si makombora yote yanayolipuka. Lingine linaanguka kwenye udongo laini wa mvua, lingine linapiga tawi la mti na kugeuka njiani, lingine kichwa chake kimeharibika tangu kiwandani. Hilo linaingia ardhini kimya. Baada ya miezi michache majani yameota juu yake. Watoto wanarudi kucheza mpira, mwalimu anawaambia wafyeke na walime bustani ya shule, na hakuna anayeona kitu.

Ndiyo sababu baada ya vita walionekana kwenye mitaa ya Kisangani watu wenye kofia ngumu na vioo vya kufunika uso, wakitembea polepole na fimbo yenye duara chini. Shirika la Handicap International, ambalo leo linaitwa Humanity & Inclusion, ni mojawapo ya yale yaliyofanya kazi hiyo pale mjini. Fimbo yenye duara ni mashine ya kutafuta chuma, ile ambayo wengi wanaiita detekta. Historia yake ni ndefu kuliko vita vyetu, na ina fundisho ambalo familia zilizohama makwao zinalihitaji leo.

Mwanzo wake: risasi ndani ya mwili wa raisi

Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 1881, raisi wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi katika kituo cha gari la moshi mjini Washington. Hakufa siku ile. Risasi ilibaki mwilini na waganga hawakujua iko wapi. Wakati huo hapakuwa bado na mashine ya radio ya kupiga picha ya ndani ya mwili.

Alexander Graham Bell, yule aliyejulikana kwa simu, alitengeneza mashine ya nyuzi za umeme na sikio la simu. Ikipita karibu na chuma, sauti inasikika. Aliijaribu kwanza mahali pengine, ikafanya kazi. Alipoipeleka kwenye kitanda cha raisi, ilitoa sauti ambazo hakuzielewa. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kitanda kilikuwa na springi za chuma ndani ya godoro, na mashine ilizisikia pia. La pili, mganga mkuu aliamini kwamba risasi iko upande wa kuume, na huko ndiko Bell alikoruhusiwa kutafuta. Garfield alikufa tarehe 19 mwezi wa tisa. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Mashine haikuwa mbaya. Ilisikia chuma kama ilivyotengenezwa kusikia. Lakini ilielekezwa mahali pasipo, na chuma kingine kiliifunika sauti.

Kutoka dhahabu mpaka mabomu ya ardhini

Katika miaka ya 1930, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, Gerhard Fischer, alitengeneza detekta ya kubebwa na mtu mmoja na akaiuza kwa watafutaji wa madini. Wachimbaji wa dhahabu wanaotembea leo na detekta huko Ituri ni warithi wa kazi hiyo.

Vita vya pili vya dunia vikaipa kazi nyingine. Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa amekimbilia Uingereza baada ya nchi yake kuvamiwa, alitengeneza detekta ya mabomu ya ardhini mwaka 1941. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 14, askari mmoja aliweza kuibeba. Mwezi wa kumi mwaka 1942, katika mapigano ya El Alamein huko Misri, mashine 500 za namna hiyo zilitumiwa kufungua njia ndani ya mashamba ya mabomu ya Wajerumani. Kosacki hakuomba malipo. Jina lake lilifichwa wakati wa vita kwa sababu familia yake ilikuwa imebaki Poland chini ya Wajerumani. Mashine inayosafisha viwanja vya shule leo ilitoka basi mikononi mwa mtu aliyekimbia vita mwenyewe.

Namna inavyofanya kazi

Ndani ya lile duara kuna waya uliozungushwa. Umeme ukipita katika waya huo, unatengeneza nguvu ya sumaku inayoshuka ndani ya udongo. Nguvu hiyo ikikuta chuma, chuma chenyewe kinazaa umeme mdogo, na mashine inausikia na kulia. Basi. Haiwezi kusema kama iliyosikia ni kombora, msumari au kifuniko cha chupa ya bia.

Fikiria sasa uwanja wa shule ya zamani, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Kwa miaka hamsini, sitini au zaidi, udongo wake umepokea misumari ya paa lililobadilishwa mara tatu, vipande vya mabati, vijiko, nyembe, waya wa madaftari, franka zilizodondoka mfukoni, vipuri vya baiskeli ya mwalimu. Juu ya hayo yote, vita vikaongeza maganda ya risasi na vipande vya makombora yaliyolipuka. Mashine inalia kwa kila kimoja, na kila mlio unatendewa kama bomu mpaka ithibitike vingine.

Kuna tabu nyingine ya huku kwetu. Udongo mwekundu una chuma ndani yake kwa asili, na unaweza kuifanya detekta ilie bila kitu. Kwa hiyo kila asubuhi mtegua mabomu anaijaribu mashine yake kwanza, anaipatanisha na udongo wa mahali pale, ndipo anaingia. Anafanya kazi ndani ya njia nyembamba iliyofungwa kwa kamba na vijiti. Mashine ikilia, anaweka alama, anapiga magoti, anachimba kwa kutoka upande, kidogo kidogo, bila kubonyeza kutoka juu. Mara nyingi anatoa msumari. Anaamka, anaendelea. Bomu likionekana, watu wanaondolewa na mara nyingi linalipuliwa pale pale.

Kwa mwendo huo, kiwanja kimoja cha mpira kinaweza kuchukua majuma mengi. Na kombora zito lililoingia chini sana linaweza kuwa mbali kuliko detekta ya kawaida inavyosikia. Hakuna shirika lenye watu na pesa za kupitisha mashine kwenye viwanja vyote vya Tshopo, Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ni lazima mtu aseme: anzeni hapa.

Kazi inaanza kwa maulizo

Kwa hiyo mashine haitangulii. Kabla ya kuitoa kwenye sanduku, wategua mabomu wanakuja na daftari. Wanauliza mkubwa wa mtaa, mkurugenzi wa shule, mama wanaolima karibu, walinzi, vijana. Wanajeshi waliweka silaha zao nzito wapi? Walikuwa wanapiga kuelekea upande gani? Ni wapi kitu kilianguka na hakikulia? Ni wapi mtu au mbuzi alijeruhiwa? Ni wapi watu wenyewe wameacha kupita, hata kama hawasemi kwa nini?

Katika vita vya Kisangani, mapigano makali yalikuwa kuelekea daraja la mto Tshopo, kwenye makomine yenye watu wengi. Mtu aliyelala chini ya kitanda siku sita anaweza kukumbuka mlio wa kombora lililopita juu ya nyumba na kishindo kisichofuatwa na mlipuko. Kumbukumbu ya namna hiyo inapunguza eneo la kutafuta, toka kiwanja kizima mpaka pembe moja nyuma ya vyoo. Raisi Garfield alikosa mtu wa kusema ni upande gani. Shule zetu zinaye, ikiwa hajahama.

Hapo ndipo ugumu wa leo ulipo. Vita vinapoingia kijijini, walioona makombora yakianguka ndio wanaokimbia. Wanakwenda na kile wanachojua. Shule inabaki tupu, pengine askari wanaingia humo na kuacha vitu vyao. Kisha familia nyingine, zilizotoka mbali, zinafika na kulala katika madarasa yale yale. Mama anatafuta mahali pa kuweka mafiga, watoto wanaokota vyuma vya kuuza kwa kilo. Wao hawakuwapo siku ile. Hakuna aliyewaambia kuhusu pembe ya nyuma ya vyoo.

Sheria ipo, pesa imehukumiwa, udongo bado

Kongo iliingia katika mkataba wa Ottawa wa kukataza mabomu ya ardhini ya kuua watu mwaka 2002. Mwaka huo huo kitengo cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na mabomu, UNMAS, kilianza kazi nchini. Tarehe 9 mwezi wa saba mwaka 2011 nchi ilipata sheria yake yenyewe juu ya jambo hilo, na leo kuna kituo cha taifa cha kupambana na mabomu, CCLAM. Mahakama ya kimataifa ya haki ya La Haye iliamua tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vile, zikiwamo za Kisangani.

Hayo yote yana maana kwa wenye kufiwa na wenye kubomolewa nyumba. Lakini hukumu haichimbi. Kombora lililolala chini ya uwanja halijui kama vita vimekwisha au kama malipo yamefika, na linaweza kulipuka miaka ishirini baada ya waliolirusha kurudi kwao. Tangu hapo vita vingine vimeongeza mengine juu yake, toka Ituri mpaka pembezoni mwa Goma.

Yanayowezekana bila mashine

Familia iliyohama haina detekta, na haifai kuitafuta. Detekta ya dhahabu mkononi mwa kijana ni hatari zaidi kwenye uwanja wa shule kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inamwambia kuna chuma, naye anachimba kwa shauku. Akisikia pia fununu kwamba wazungu walifukia mali pale zamani, hatachimba polepole kama mtegua mabomu. Atapiga jembe.

Familia iliyohama ina kitu kingine, nacho ni ile habari. Baba au mama aliyeona kitu kikianguka kwenye shule ya kwao, na hakikulipuka, aiseme sasa, hata akiwa mbali. Amwambie mwakilishi wa kambi, mwalimu waliyekimbia naye, shirika linalohusika na mabomu likipita. Aseme jina la shule, upande wa uwanja, mti ulio karibu, mwezi ilipotokea. Tarehe kamili siyo lazima. Mkubwa wa mtaa anayepokea habari hiyo aiandike, maana wakubwa pia wanahama.

Na familia inayofika kulala kwenye shule isiyoijua iulize wenyeji kabla ya kuchimba choo, kabla ya kuwasha moto juu ya udongo uliofukuliwa, kabla ya kuacha watoto waingie majanini. Anayekuta kitu cha chuma asichokijua asikiguse, asikirushie jiwe, asikipeleke nyumbani. Arudi kwa njia aliyojia, aweke alama inayoonekana mbali nacho, awazuie watoto, kisha awape habari wakubwa.

Mwalimu anayefungua shule baada ya vita huwa anahesabu madawati, vitabu na watoto waliorudi. Kabla ya hayo aketi na wazee na mama wa mtaa, awaulize nini kilianguka, wapi, na upande gani.