Riale ya Maria Theresa: Alama zake, thamani yake na hadhari kwa mkusanyaji

Riale ya Maria Theresa, ambayo wakazi wa Pwani ya Afrika Mashariki waliiita riale ya Sham, ni sarafu ya fedha iliyoanza kufuliwa katika milki ya Austria mnamo 1741. Kwa zaidi ya karne moja ilitumika kununulia buni, pembe za ndovu, karafuu na hata binadamu, kuanzia bandari za Bahari ya Shamu hadi Zanzibar. Leo haipokelewi dukani popote, lakini ingali ikifuliwa jijini Vienna na kutafutwa na wakusanyaji wa sarafu.

Nyingine zimehifadhiwa katika masanduku ya familia kama urithi wa mabibi. Wengi huziuza kwa sonara, au huzinunua kwa bei ya vitu vya kale, pasipo kujua wanachokishika. Hapo ndipo hasara huanzia.

Sura na alama

Upande mmoja wa sarafu una sura ya Maria Theresa, aliyetawala kuanzia 1740 hadi alipofariki mnamo Novemba 29, 1780. Amejitanda ushungi wa mjane, kwa kuwa mumewe, Francis I, alifariki mnamo 1765. Maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa yanamtaja kuwa mtawala "kwa neema ya Mungu", dai lililokuwa la kawaida kwa wafalme wa Ulaya wa zama hizo.

Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili, nembo ya Milki Takatifu ya Kirumi, aliyebeba ngao zenye alama za nchi zilizokuwa chini ya malkia huyo, zikiwemo Hungary na Bohemia. Baada ya mwaka 1780 kuna alama mfano wa herufi X. Huo ni msalaba wa Burgundy, wala si tarakimu ya Kirumi kama wengi wanavyodhani. Kwenye ukingo pameandikwa kaulimbiu ya malkia kwa Kilatini, yenye maana ya "haki na huruma". Maandishi hayo yaliwazuia wadanganyifu kukwangua ukingo na kujichukulia fedha, kwani alama ya tupa ingeonekana mara moja.

Mwaka usiobadilika

Baada ya malkia kufariki, wafanyabiashara wa Arabuni na Afrika walikataa sarafu yoyote yenye sura tofauti na ile waliyoizoea. Kwa sababu hiyo, sarafu zilizofuata ziliendelea kuandikwa 1780, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Mnamo 1935, Italia ya Mussolini ilipojiandaa kuivamia Ethiopia, ilipewa na Austria mihuri ya kufulia sarafu hiyo ili iidhibiti biashara ya eneo hilo. Uingereza haikukubali kuachwa nyuma. London ikaanza kufua riale zake mnamo 1936. Paris, Brussels, Bombay na Birmingham pia zilifua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi hiyo ilikuwa imerejea mikononi mwa Vienna. Inakadiriwa kwamba zaidi ya sarafu milioni 300 zimefuliwa tangu malkia afariki.

Basi ni dhahiri kuwa mwaka 1780 si ushahidi wa ukale. Riale iliyotoka kiwandani mwaka uliopita ina mwaka ule ule. Wataalamu huzitofautisha kwa mambo madogo, kama vile idadi ya lulu kwenye bruchi ya malkia na mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai.

Katika Pwani ya Waswahili

Zanzibar na Mombasa ziliipokea riale hii pamoja na ile ya Uhispania, ambayo nguzo zake mbili zilifananishwa na mizinga, ikaitwa riale ya mzinga. Riale haikuwa pesa tu bali pia kipimo: wakia moja ya Zanzibar ilikuwa uzito wa riale moja, na wakia 16 zikafanya ratili.

Watawala wa eneo hili walijaribu kuishinda. Mnamo 1882, sawa na 1299 Hijria, Sultani Barghash bin Said alitoa riale yake ya fedha. Ilikuwa na maandishi ya Kiarabu matupu, bila sura ya mtu. Haikuenea, na leo ni adimu mno. Mnamo 1888, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoa rupia yenye jina la Mombasa, mizani ya haki na taji lenye miale. Nchini Ethiopia, Mfalme Menelik II alianza mnamo 1894 kutoa birr yenye uzito sawa na riale, ikiwa na Simba wa Yuda aliyevikwa taji na kubeba fimbo ya msalaba. Hata hivyo, raia wengi waliendelea kuitaka sarafu ya malkia.

Aidha, Waethiopia waliziyeyusha riale nyingi na kufua misalaba ya kuvaa shingoni, huku wanawake wa Yemen na Oman wakizitunga katika mikufu. Sarafu ya malkia Mkatoliki ikawa pambo la Mwislamu na msalaba wa Mwothodoksi, kwa kuwa kilichoaminiwa kilikuwa fedha iliyomo ndani yake.

Jinsi ya kupima

Riale halisi ina uzito wa takriban gramu 28.07 na kipenyo cha karibu milimita 40. Sehemu tano kati ya sita ni fedha, iliyobaki ni shaba. Hivyo fedha halisi iliyomo ni gramu 23.39, yaani takriban robo tatu ya wakia ya kimataifa yenye gramu 31.1. Mwenye kutaka kujua thamani ya madini yake na azidishe bei ya wakia ya siku hiyo kwa 0.75. Sonara akitaja bei iliyo chini sana ya hapo, muuzaji ana haki ya kwenda kwingine.

Smaku isiivute. Ikining'inizwa kwa uzi ndani ya chombo cha maji kilichowekwa juu ya mizani, kipimo kiongezeke kwa karibu gramu 2.75. Kikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, ilhali uzito wake ni sahihi, kuna madini hafifu ndani.

Kadhalika, isichanganywe na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima, iliyoanza kutolewa 1921. Hiyo ilikuwa na robo tu ya fedha, na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Zaka na sheria

Kwa Mwislamu, fedha iliyowekwa kwa mwaka mmoja wa Hijria hutolewa zaka ya asilimia 2.5 ikifikia nisabu, ambayo kwa hesabu ya wanazuoni wengi ni gramu 595. Riale 26 zina gramu 608 za fedha, hivyo zinavuka kiwango hicho. Mwenye riale chache bado hana budi kuzijumlisha na fedha na mali yake nyingine ya aina hiyo. Penye shaka, aulizwe kadhi.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kifaa chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo katika kundi hilo, na vilevile riale iliyofika nchini kabla ya mwaka huo.

Mwenye sarafu ya urithi hashauriwi kuisugua, kwani kung'arishwa huipunguzia thamani. La muhimu zaidi ni kuandika ilikotoka, nani aliimiliki na ilifikaje katika familia. Sarafu ikishayeyushwa, uzito wa fedha hubaki, lakini historia hiyo haiwezi kurejeshwa.